Jiko Ndani ya Ndege

9 Agosti 2007. Mwezi wa tano tangu nitoke Busia.

Huyu Juma, mlinzi wetu wa kiwanja cha ndege, atanimaliza. Jana usiku aliwasha jiko la makaa akaenda kulala nalo ndani ya ndege ya watalii. Leo rubani amepakia abiria, akanusa moshi, akazima umeme wote, akawashusha mbio.

"Boss, Nakuru ni baridi," Juma akamwambia rubani.

"Na nikinusa moshi huko juu, nitajuaje ni jiko lako ama ni waya inaungua?" rubani akamuuliza.



Sasa fundi anakagua kila waya, na mimi msafishaji nioshe viti mpaka harufu iishe. Likizo yangu ya kwenda nyumbani Jumamosi imefutwa. Mtoto wangu amezaliwa na hata sijamwona.

Nitafika nyumbani mwisho wa mwezi, Juma akikubali kulala na blanketi.