Uso wa Baba Yako Umeshinda

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini u mzima, kazi inakwenda, na kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Kama hakijakwisha, nenda kwa daktari. Usitibiwe kwa maneno ya marafiki. Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika kama kawaida, nami silisikilizi. Mama yako mkubwa hajambo, na baba yako hajambo kutupita sote. Hiyo ndiyo habari yangu, na ninaiandika kwa furaha ambayo si desturi yangu.

Uliniuliza kwa nini baba yako hakukushukuru kwa mashine ya kunyolea uliyomtumia. Hakukasirika. Aliona haya kukuambia kwamba zawadi yako ilimchana.

Unaijua ngozi yake. Zile nyembe za plastiki zilimjaza vipele shingoni, ndiyo maana ukamtafutia mashine ya chuma ya wembe mmoja. Ilifika katika vipande: mpini, kifuniko, na bamba ambalo wembe hulala juu yake. Bamba lile lina pande mbili. Upande mmoja una meno kama kitana; wa pili una ukingo mnyofu tu. Tukalitazama mezani sote watatu, tukakubaliana kwamba meno ni ulinzi na kwamba upande ule mwingine ni mgongo. Baba yako akalifunga hivyo, akakaza skrubu huku akipiga mluzi.

Asubuhi ya kwanza alitoka bafuni na vipande vya karatasi vimemganda kidevuni. Mama yako mkubwa akamtazama juu hadi chini, akasema, "Shemeji, na huyo paka je, umemwacha hai?" Tukacheka. Siku zilizofuata hatukucheka tena.

Kazini mambo yaliharibika. Mhudumu mkuu katika ukumbi wa chakula wa hoteli yao haruhusiwi kufuga ndevu, na baba yako kila akinyoa alizidi kuchanika. Msimamizi akamwita pembeni, akamwambia kwamba mgeni hawezi kupokea supu kutoka kwa mtu anayevuja damu shingoni. Akamvua koti jeupe, akampeleka nyuma kukausha glasi. Kama uso wake usingetulia kufikia mwisho wa mwezi, koti lingevaliwa na mwingine. Na mtu huyu amesimama katika ukumbi ule tangu wewe hujaanza shule!

Baba yako aliitumbukiza mashine katika kopo la misumari. "Kaka, chuma hiki hakinitaki," alisema. "Na mtoto asiambiwe."

Mimi sipendi kitu kihukumiwe kabla hakijachunguzwa. Nikaitoa koponi, nikaifunga wembe, nikaketi dirishani na lenzi yangu ya kusomea. Ukali wa mashine hii, mwanangu, hautoki kwenye wembe peke yake. Unatoka pia katika mwanya ulio kati ya makali na bamba, na katika jinsi makali yanavyochomoza nje ya kifuniko. Upande wa meno, kadi ngumu ilipenya mwanyani bila kusita. Tena meno hayaikingi ngozi, bali huiacha ijitokeze katikati yake, ikutane na makali. Nadhani yaliwekwa kwa ajili ya ndevu ndefu, zipite bila kuziba.

Nikaligeuza bamba. Kadi ile ile ikagoma. Karatasi nyembamba tu ndiyo iliyopita. Na ukingo ule mnyofu hutangulia mbele ya wembe, ukailaza ngozi kabla makali hayajafika. Tuliouita mgongo ndio uliokuwa uso!

Nilimwamuru baba yako aache shingo ipumzike hadi vidonda vifunge. Siku ilipofika, aliipokea mashine kana kwamba nimempa nyoka. "Usikandamize," nikamwambia. "Hii si plastiki, uzito wake unatosha. Fuata ndevu zinakolala." Mama yako mkubwa akapiga kelele kutoka mlangoni, "Mwache mtu anyoe, baba! Hapa bafuni si darasani!"

Nikasogea mlangoni, tukasikiliza. Zamani mashine ilikuwa ikikwaruza hadi sebuleni. Safari hii ilinong'ona. Alipomaliza alijifuta kwa taulo jeupe, akaligeuza upande huu na upande ule. Hapakuwa na doa. Mdogo wangu, mtu mzima mwenye mvi, alitoka akiwa ameliinua juu kama nahodha anayeonyesha kombe, akazunguka nalo meza yote, na mama yako mkubwa nyuma yake akipiga vigelegele. Mimi pia nilizunguka. Goti halikuulizwa.

Tangu hapo ameendelea hivyo hivyo, na vipele vimemkimbia. Siku ya mwisho wa mwezi msimamizi alimsimamisha chini ya taa ya ukumbi, akamgeuza kidevu kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Kinyozi wako ni nani?" akauliza. "Na mimi nimwendee."

Baba yako akajibu, "Ni mwanangu. Anakaa mbali kidogo."

Koti jeupe limerudi. Limetundikwa mlangoni ninapoandika, limepigwa pasi, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

Mama yako mkubwa anakusalimu, na dada zako, na shangazi yako anayedai kwamba siri ya bamba aliijua tangu mwanzo. Nisalimie mkeo na wajukuu wangu. Mungu akulinde uendako na urudipo, na azijalie baraka kazi za mikono yako.

Wako akupendaye daima,
Baba yako mkubwa.

Baba yako ameninyang'anya kalamu:

Mwanangu, asante. Leo si siku ya kazi, lakini nimenyoa.