Duka Letu Sasa Lina Milango Minne

Nzioki, rafiki yangu,

Keti kwanza, kama huko mna viti. Nina habari ndefu, na wewe ukisimama huwa husikilizi, unatazama saa.

Tangu tulipokupeleka Machakos kukuzika, duka naliendesha peke yangu, hapa hapa Nairobi, chumbani kwetu Kaloleni, kwa ile kompyuta yako ya mtumba inayonguruma. Baba yako na wenzake bado wanachonga Shauri Moyo. Mimi napiga picha za vinyago, naziweka kwenye ukurasa wetu wa intaneti, na watu wa ng'ambo wanaagiza. Ulipokuja na wazo hili nilikucheka. Nani atanunua twiga kupitia waya wa simu? Wakanunua, nawe ukanicheka, tena si kidogo.

Basi sikiliza. Mwezi uliopita nilifungua ukurasa asubuhi nikakuta kile kidude ulichoweka chini cha kuhesabu wageni kimepaa. Maelfu! Nilipiga vigelegele mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Jumapili tukasimama kanisani kutoa ushuhuda, Mama akalia, na baba yako akatoa sadaka ya shukrani. Jumatatu Mzee akaagiza magogo zaidi, na wachongaji wakaacha kupumzika mchana. Nzioki, tulimshukuru Mungu kwa kushambuliwa. Natamani ungekuwepo ucheke.

Maana katika maelfu hayo hakuna aliyeagiza hata kijiko. Kisha yule mama wa Norway, mteja wetu wa siku zote, akaandika kwamba ukurasa haufunguki. Nikakimbia mjini kwa kampuni inayotuwekea ukurasa, nikamkuta Akoth, fundi wao, msichana wa Makongeni mwenye sauti ya upole na mdomo mkali. Akatazama skrini, akaguna. "Nekesa, hawa si wateja. Hizi ni mashine. Kuna msee fulani amezituma zibishe hodi zote pamoja, tena na tena, na hazitaki hata kuingia. Seva, ile kompyuta inayobeba ukurasa wenu, inajibu mpaka inachoka, na mtu wa kununua anabaki nje."

Niliogopa, lakini sitakuficha, nilistaajabu pia. Mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga Shauri Moyo, ameketi mahali tusipopajua, amefunga duka letu bila kugusa kufuli. Mpaka leo hatujui ni nani wala tulimkosea nini.

Wakubwa wa Akoth hawakuwa na nafasi ya kustaajabu. Msongamano wetu ulikuwa unawatesa wateja wao wengine, kwa hiyo wakasema Ijumaa ikifika hali ikiwa ile ile, ukurasa unafutwa. Kufutwa, Nzioki. Kila ulichojenga, na riziki ya wachongaji wote wale, Krismasi ikiwa mlangoni. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lao nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Akoth akanifuata. "Wacha kulia, tufanye kazi." Akazizuia zile mashine alizoweza kuzitambua, akaondoa picha nzito kwenye ukurasa wa kwanza. Haikutosha. Akasema dawa iliyobaki ni duka lisikae mahali pamoja: tuweke nakala zake kwenye mashine nyingine za mbali, ili mlango mmoja ukizibwa, watu wapite mwingine. "Unajua mtu yeyote majuu mwenye seva?" Mimi, mtoto wa Kaloleni! Nilijua wateja tu. Nikawaandikia hao hao, kwa kuwa barua pepe ilikuwa bado inapita, nikatia sahihi kwa jina la duka.

Walijibu, rafiki yangu. Mama wa Norway alimwomba mwanawe aliye chuo kikuu. Kanisa moja la Kanada likatupa nafasi kwenye mashine yao. Hata yule mwalimu wa Japani, aliyenunua kifaru mmoja tu na kulalamikia pembe, naye akajitolea. Watu ambao hatujawahi kuwapa hata chai. Niliwakumbuka majirani kwenye matanga yako, walivyokuja kila mmoja na kiti chake.

Alhamisi nikaenda mjini na baba yako. Akoth akafungua nakala ya Norway. Picha ilikuja polepole, mstari kwa mstari, kuanzia juu: masikio, macho, mkonga. Tembo wake. Mzee akavua kofia. Tembo aliyemchonga karibu na soko la Gikomba amekwenda hadi kwenye theluji na kurudi kumtazama. Akauliza kwa sauti ya kanisani, "Kwani sasa yuko wapi?" Akoth akamwambia, "Yuko kote, Mzee. Norway, Kanada, Japani, na hapa."

Ijumaa wakubwa walifunga mlango wetu wa Nairobi kwa siku chache, lakini hawakufuta kitu. Niliwatumia wateja wote anwani mpya, wakaingia kwa ile milango mitatu. Aliyetushambulia akachoka, akaenda zake. Twiga wa Krismasi wameisha.

Sasa kuna hili. Barua za wote waliotusaidia zinaanza kwa jina lako. "Mpendwa Nzioki, tumekuwekea nafasi." Wanakujua wewe. Walifungua milango yao kwa ajili yako, na hawajui kwamba umekufa. Kila nikitaka kuwaambia, vidole vinagoma.

Nakuahidi duka halitafungwa nikiwa hai. Na wao watajua kutoka kwangu, mmoja mmoja. Barua ya Norway nimeshaiandika, iko hapa kwenye skrini: Nzioki amefariki. Duka liko wazi. Imebaki kuituma tu.

Lala salama, rafiki yangu. Natia sahihi hapa, halafu naituma ile ya Norway.

Wako,
Nekesa