Mfuniko wa Tangi Nyuma ya Studio

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anafahamika na wote kama Mama Nyaya
Umri: miaka 38
Kazi: fundi wa kurekodi sauti
Makazi: chumba cha kupanga, mtaa wa pili kutoka studio
Tarehe na saa ya kuandikwa: tarehe 18 mwezi wa sita, saa tatu na dakika hamsini asubuhi

Sikuitwa kituoni. Nimekuja mwenyewe, na ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu.

Marehemu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Alikuwa mwitikiaji. Kwa miaka kumi na moja aliitikia nyimbo za watu wengine pale studio ninapofanya kazi. Wimbo wake mwenyewe hakuwa nao.

Mwezi wa tano sauti yake ilianza kukatika. Daktari wa koo alimkuta na uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akampangia upasuaji Jumatatu tarehe 17 mwezi huu. Wifi alimuuliza kama baada ya hapo ataimba. Daktari alimjibu, "Kuongea utaongea. Kuimba siwezi kukuahidi."

Mnamo Jumatano tarehe 12, saa nne asubuhi, alikuja studio na karatasi yenye beti nne alizoandika mwenyewe. Aliniambia, "Wifi, nina siku tano. Itoe sauti yangu hata kama ni kwa koleo."

Nilimweka kwenye chumba cha kurekodia kama kawaida. Haikufaa. Maiki nzuri haifichi kitu, na kila mkwaruzo wa koo lake ulisikika. Nikaanza kujaribu mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Niliweka maiki nyuma ya kisogo chake. Nilimbandika maiki ndogo kifuani kwa plasta, maana kifua chake kilikuwa bado na mvumo mzuri. Nilimlaza chali kwenye godoro. Nilimwimbisha kwenye ngazi, akiwa orofa ya juu na mimi chini. Siku ya pili nilimpa ndoo ya bati aimbe kichwa kikiwa ndani. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kaka yako akinikuta hivi atajua nimekunywa." Kisha akaketi sakafuni na kulia bila kutoa sauti, kwa sababu daktari alimkataza kupoteza sauti bure. Mfa maji haachi kutapatapa, na sote wawili tulikuwa tunazama.

Ijumaa tarehe 14, saa mbili na nusu asubuhi, nilikumbuka tangi la chuma lililo nyuma ya studio. Halijatiwa maji tangu mwenye studio alipoleta la plastiki, mwaka jana. Nilifungua mfuniko wa juu, nikainamisha kichwa na kuguna kidogo. Mguno ulirudi mnene, umejaa. Nilijua mtu akinong'ona humo, atasikika kama anaimba kwa kifua kizima. Mwenye studio alikuwapo. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Fanyeni haraka." Hakuna kati yetu aliyefikiria habari ya hewa.

Nilipitisha waya kwenye tundu la bomba la chini. Saa tatu na dakika thelathini na tano wifi alishuka kwa ngazi. Alisema, "Nikitoka nimegeuka bati, mwambie kaka yako anioe upya." Nikaitoa ngazi, kwa kuwa ilikuwa inagongagonga ukuta wa tangi.

Jirani yetu ni fundi wa kuchomelea. Mashine yake ya kukatia vyuma ilikuwa ikipiga kelele. Nilimwomba aizime, akasema ana kazi ya mteja anayesubiri. Kelele ziliingia kupitia juu ya tangi. Mimi ndiye niliyefunga mfuniko. Nimewasikia watu wakisema alijifungia, na wengine kwamba ulianguka. Haukuanguka. Niliuinua kwa mikono miwili, nikauweka mahali pake, nikaukandamiza kwa goti.

Nilirudi ndani, nikavaa visikilizi, nikagonga waya mara mbili ili mtikisiko umfikie, iwe ishara ya kuanza. Hakuwa na visikilizi, hivyo yeye hakuweza kunisikia. Akaimba. Sijawahi kurekodi sauti kama ile. Ubeti wa kwanza na wa pili zilitoka safi. Katika ubeti wa tatu sauti ilianza kulegea, maneno yakawa yanavutwa, pumzi ikawa inasikika kuliko neno. Mimi nilidhani anaimba kwa hisia. Niliongeza sauti ili nisikie vizuri. Nilifumba macho.

Kisha nikasikia kishindo cha maiki ikigonga chuma.

Nilikimbia. Nilipoufungua mfuniko alikuwa amelala ubavu. Nilimwita, hakuitika. Nilitaka kuruka ndani, mlinzi wa lango akanishika kiunoni, akasema, "Ukiingia mtakuwa wawili." Nilimng'ata mkono. Hakuniachia, na leo namshukuru na kumlaumu kwa pamoja. Yule fundi wa kuchomelea aliacha kazi yake, akaleta hosi ya upepo ya kujazia magurudumu, akaupuliza ndani. Kisha akajifunga kamba na kushuka. Walimtoa saa nne kasoro dakika nne. Alikuwa anapumua, lakini kwa mbali.

Hospitali waliniambia kwamba chuma kikishika kutu mahali palipofungwa, kutu hiyo hula hewa. Tangi lile lilikuwa jekundu ndani kote. Niliiona rangi hiyo asubuhi ile, nikaona ni kutu tu.

Alifariki Jumamosi tarehe 15, saa kumi alasiri, bila kuzinduka.

Jumapili, msibani, mwenye studio aliniita kando. Alisema, "Futa ile rekodi. Na wakikuuliza, sema alijifungia mwenyewe, alikuwa mkaidi. Marehemu hafungwi." Jana nilimsikia akimweleza kaka yangu maneno hayohayo. Kaka aliinamisha kichwa na kusema, "Kweli, mke wangu alikuwa mbishi." Nilishindwa kuvumilia hapo. Wifi yangu hakuwa mbishi. Aliingia pale nilipomwambia aingie, na akasimama pale nilipomwambia asimame.

Rekodi sikuifuta. Nimeileta kwenye kadi hii, tangu nilipogonga waya hadi sauti za watu wakimtoa. Kaka ndiye aliyenisindikiza. Amekaa kwenye benchi la nje. Anadhani nimekuja kueleza alivyojifungia.

Nimesema yote niliyokuwa nayo, na sitaki neno lolote lipunguzwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Shahidi alipofika kwenye habari ya mfuniko nilimsimamisha, nikamwonya kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake mwenyewe. Alijibu, "Naelewa, Afande. Andika." Nilimsomea maelezo yote, akasahihisha mahali pamoja tu, penye kutajwa saa. Kadi imepokelewa kama kielelezo.

Kabla ya hatua nyingine aliomba azungumze na kaka yake. Nilimruhusu, nikasimama karibu. Alimweleza akiwa amepiga magoti. Kaka mtu hakumpiga wala hakumtukana. Aliuliza jambo moja: "Ulimwambia kwamba sauti imetoka vizuri?"

Shahidi alijibu kwamba hakuwahi.

Imefungwa saa tano na dakika ishirini asubuhi.