Shati la Mhoja

Ugiriki

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukishuka Igogo kuchukua dagaa? Mimi mzima, nakula, nalala. Nimekuandikia kwa sababu ningepiga simu ungenikatia, nakufahamu. Barua hii anakuja nayo Mashimba, kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma, anayerudi na ngoma zote na wenzangu. Rose akusomee taratibu, nawe usimkatize.

Tamasha lilikwenda vizuri. Tulipopiga ngoma za Bujora watu walisimama wakacheza. Nao wana ya kwao: wanashikana mikono kwenye duara, wazee kwa watoto, anayeongoza anapunga leso. Mashimba akajitia mjuzi, akaingia kati na kumkanyaga mke wa mwenyekiti wa kijiji. Watu walicheka sana. Mimi nilitazama tu. Tangu nifike huku nimekuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, naona mambo mazuri na hayanifikii. Walitupandisha kilimani kuona nguzo za mawe za watu wao wa kale, nikawaza miamba ya kwetu, basi.

Dagaa wako niliwafikisha. Nilimpa Bibi Evdokia, mwenye mashamba ya mizeituni, yule ambaye kaka Mhoja alimfanyia kazi. Aliwala kichwa na mkia bila kuuliza, maana nao hula samaki wadogo hivyohivyo. Binti yake anayejua Kiingereza alinitafsiria kwamba Mhoja alikuwa akimwita Bibi huyo Mama.

Sijasahau ulichosema yule mwenzake alipotupigia simu kwamba Mhoja ameanguka kazini, amefariki na amezikwa huku. Ulisema simu si maiti. Ukakataa matanga, ukakataa kunyoa, ukawa unamwekea sahani kila mlo. Nami niliposafiri ukanipa shati jeupe ulilolipiga pasi, ukasema nikimpata nimvalishe, arudi nyumbani. Sikukubishia. Hata mimi nilitaka uwe umesema kweli.

Huku wana desturi moja. Kijiji kiko juu ya mwamba, ardhi ya kuzikia haitoshi, kwa hiyo baada ya miaka michache wanamfukua marehemu. Ndugu zake wanaosha mifupa kwa divai, kisha inawekwa kwenye sanduku katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Kwao si uchuro, ni heshima ya mwisho. Zamu ya Mhoja ilikuwa imefika, lakini Bibi Evdokia aliposikia nakuja alimwomba kasisi asubiri. Alisema kazi hiyo ni ya ndugu.

Kwetu nani anafukua mtu? Nilitaka kukimbia. Lakini nilikunja mikono ya gauni nikapiga magoti, Bibi Evdokia akimimina divai, mimi nikiosha. Nilikuwa natafuta sababu ya kusema siye. Kisha nikapewa fuvu. Jino la mbele, la juu, lilikuwa limekatika mshazari, lile alilovunja akifungua soda kwa meno siku ya kipaimara cha dada Winnie, ukampiga kofi mbele ya wageni. Nililipitishia kidole. Ni yeye, Mama. Sikulia. Hata sasa sijalia, na hilo linaniogopesha kuliko mifupa.

Bibi akauliza kama nimekuja na kitambaa cheupe cha kumfungia. Nikatoa shati.

Kasisi ananisaidia kupata vibali vya kumsafirisha, ndiyo maana sirudi na wenzangu. Mwambie mjomba Ngosha achague mahali hapo Buswelu, karibu na kaburi la Baba, na awaite watu. Mkae matanga sasa. Ile sahani mpe Rose aitumie.

Msalimie Winnie, na majirani wote wanaoniulizia. Bibi Evdokia anakusalimu sana, anasema ninyi wawili mmelea mtoto mmoja. Ukija kunipokea uwanja wa ndege usinitafute kwa nywele. Nimeshanyoa.

Mwanao,
Dorcas