Utani wa Gregori Haukuwa Tangazo la Vita

Kilwa Kivinje,
3 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Idd,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu mfungo wa Ramadhani, lakini nimeona niitikie kabisa, nisije nikafa huku shikamoo yangu ungali nayo wewe. Habari za Uholanzi? Baridi imepungua? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila presha yangu inapanda na kushuka, na siku hizi inapanda zaidi nikisikia jina lako.

Usishangae kupata karatasi zama hizi. Nimempa Maimuna, mke wa Ismael, anayekuja huko kwa dada yake. Kwenye simu sikuandikii tena neno. Nikikutumia salamu, nitajuaje kama hutazikata katikati ukazitia muziki?

Nianze na uzio, maana hapo tulikuwa pamoja. Mwekezaji alipozungusha mabati yake ufukweni, sisi wachokoa pweza tukawa hatuna pa kupita maji yakitoka. Binamu yako Ziada akatupiga picha tumesimama nje ya mabati na vijiti vyetu mkononi, akairusha mtandaoni. Wewe ukaisambaza, wenzako wakaisambaza, hadi waandishi wa habari wakatufikia na wakubwa wakakubali kukaa na sisi kikao. Siku ile nilikuombea dua mbele za watu. Nikasema kumbe simu ina kazi nyingine zaidi ya umbea. Hilo silikatai mpaka leo.

Kabla ya kikao, baba yako mdogo Twalib akafariki. Watani wetu wa Njinjo wakaja kumzika kama ilivyo ada, na Gregori ndiye aliyetangulia. Unamjua. Alivaa kofia ya marehemu, akanyakua jembe, akaziba mlango jeneza lisitoke. "Hatoki maiti hapa! Nileteeni hao wenye mabati, shimo nimeshachimba, leo nawafukia wao! Twalib mrudisheni ndani, hajamaliza wali wake!" Tulicheka sote, hata mjane alicheka na machozi yakimtoka. Tukampa jogoo wake, akapisha, na akawa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza, analia kama mtoto.

Ziada alirekodi yote, akakutumia kwenye kundi la familia, kwa sababu wewe mwenyewe uliomba. Ulisema, "Nitumieni yote, nami nilie na nyie." Tukakuonea huruma kwa kuwa mbali na msiba.

Kilio chako tulikiona kesho yake. Umekata pale anaposema leo nawafukia, umeondoa jeneza, umeondoa kicheko, umeondoa jogoo, umebakiza mzee wa watu na jembe juu. Juu yake umeandika "Kilwa yaapa: tutawafukia!" na neno lenye alama ya reli mbele. Watu wasiojua Njinjo iko upande gani wa dunia wakaanza kupiga kelele za damu kwenye komenti. Idd, naona kinyaa. Nimetafuta neno la upole zaidi nimelikosa.

Mgeni angefanya hivyo ningesema hajui utani. Wewe je? Siku tunamzika baba yako, nani alilala kizingitini, akadai apewe wewe ukalinde ufuta wake dhidi ya nguruwe? Ulikuwa hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Ulicheka, ukala. Mtu huyo ndiye uliyemuuza kwa watazamaji.

Gregori walimchukua shambani kwake, na yuko mahabusu mpaka ninavyoandika. Anashtakiwa kutishia kuua na kuchochea fujo. Kikao chetu cha uzio kimefutwa. Tunaambiwa hawakai meza moja na watu wa majembe. Mabati yapo palepale, ila sasa yana walinzi pia.

Kosa letu sisi ni la woga. Tuliposikia kakamatwa, mtu akaandika kwenye kundi, "Futeni wote," nasi tukafuta, hata Ziada akafuta. Tulidhani tunamlinda. Sasa wakili wake, bwana Dominick, anauliza iko wapi video nzima, yenye jeneza na watu wanacheka, na sisi hatunayo. Imebaki kwako peke yako.

Ziada alikuomba. Ukamjibu kwa sauti, nami nilikuwa nimekaa pembeni yake nachambua mchele: "Harakati zina gharama zake. Gregori sasa ni shujaa. Nikitoa video nzima, watu watasema tuliwadanganya." Niliuweka ungo chini. Kwa hiyo mzee alale kwenye sakafu ili wewe usiitwe mwongo? Gharama hiyo mbona huilipi wewe, unayekwenda laivu umevaa sweta? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mke wa Gregori, Monika, alikuja hapa kwa bodaboda. Nilimwekea chai hakuigusa. Akasema, "Dada Mwanaidi, mimi huo ushujaa siujui. Ufuta unapukutika shambani na mwenye nguvu hayupo. Mwambieni kijana wenu."

Sasa la bibi yako. Nilikupa habari ya kifo tu, la maziko sikukuambia. Mama alikufa ametulia, Mungu amrehemu, na wewe unajua alivyopenda watani, alivyokuwa akiwatukana nao wakimtukana. Watu wa Njinjo walikuja wote. Walitupa mkono mmoja mmoja, wakasema poleni, wakakaa kwenye mkeka wakiangalia simu zetu. Hakuna aliyevaa kanga yake wala aliyeziba mlango. Jogoo nilikuwa nimemfunga tayari mguuni, akabaki amefungwa. Jeneza likatoka moja kwa moja, kimya, kama tunamsindikiza mtu tusiyemjua.

Mwanangu, sikuambii uache kupigania haki. Uzio ule bado ni dhuluma na mimi bado nitasimama nje yake na kijiti changu. Nakuambia mpelekee Dominick video yote, kuanzia mwanzo mpaka jogoo. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Halafu iweke na kwenye ukurasa wako. Wakikuita mwongo, wana haki yao.

Msalimie mkeo na mbusu mdogo wetu Tawakali, mwambie bibi yake Mwanaidi anamwekea visheti. Ziada anakusalimu kwa shingo upande. Mjane wa Twalib, mama yako mdogo Moza, anakusalimu vizuri, yeye hajui kusoma mitandao. Monika hakutuma salamu.

Nakuombea afya, riziki na moyo uliokuwa nao zamani. Zaidi ya yote Mungu akupe umri mrefu, Idd, maana ukifa leo hakuna wa kuziba mlango.

Ni mimi shangazi yako akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Mwanaidi