Nguo Nzima

Butembo, komini ya Kimemi
Tarehe 14 Oktoba 2024

Mpendwa Yaya Vagheni, mkubwa wangu,

Wasingya kutsibu, asante sana kwa habari zako. Kampala imekuamkiaje? Kile kifua kimepoa? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua inapiga kila alasiri, na mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini akisikia jina lako anapona. Barua hii naipitisha kwa Sikuli, anayekuja huko kununua nyuzi. Mambo haya hayakai vizuri kwenye simu.

Uliniuliza kama urudi kwenye atelier yetu ya ushonaji. Ulisema huko kiwandani unashona mifuko tu ya suruali, na tangu ufike hujaiona hata suruali moja iliyokamilika. Nilisoma nikacheka, kisha nikalia. Nataka urudi, Yaya, nataka sana. Ndiyo maana sitakudanganya.

Ile atelier unayoiota haipo tena. Papa Ananie, mwenye atelier, macho yamemchoka, anakaa nyumbani, na mwanawe Précieux ameshika nafasi yake na diploma yake ya gestion, ya kuongoza kazi. Amempa kila mtu kazi moja tu. Huyu anakata, yule anaweka mikono, mwingine vifungo. Mimi kola. Kola, kola, kola, mpaka nikiona shingo ya padri kanisani naipima kwa macho. Précieux si mtu mbaya, na mshahara unafika kwa wakati. Lakini ikifika saa nne ya asubuhi nimeshaanza kuangalia mlango.

Unakumbuka zamani? Aliyepima ndiye aliyekata, ndiye aliyeshona, na siku ya kuchukua ndiye aliyemvalisha mteja kwa mikono yake. Mteja anatembea mpaka mlangoni, anageuka, sisi wote kimya tunamtazama mabega. Papa Ananie anasema, "Iko sawa," na mashine zinaanza tena. Wewe hukutosheka na hapo. Ulikwenda harusi ambazo hukualikwa, ukasimama nyuma ya kanisa kutazama koti lako linavyokaa bwana harusi akipiga magoti. Watu walisema unafuata nyama ya karamu. Nazikumbuka siku hizo mpaka zinaniuma.

Sasa sikia yaliyotufika mwezi uliopita. Akina mama wa parokia waliagiza magauni ya jubilei, kitambaa kina sura ya Bikira Maria. Kiongozi wao, Mama Katungu, akaja kuchukua, akakunjua la kwanza: Bikira kichwa chini, miguu juu. La pili vilevile. Yote. Mama wa watu akafanya ishara ya msalaba, akaketi kwenye benchi.

Précieux akatafuta mwenye kosa, asimpate. Mkataji alikata kitambaa kikiwa kimekunjwa, sura ndani. Kola zangu hazina sura. Akabaki Jephté wa pindo, unamjua kwa ubishi.

"Niliona," akasema, "lakini balinipatia pindo tu. Kichwa ya Maria haiko kazi yangu."

"Na haukusema?"

"Ningesemea nani, patron? Hapa kila mutu iko na kipande yake."

Jioni ile Précieux alikwenda kwa baba yake, na kesho yake akaniita akitaka niwe mkubwa wa atelier. Zamani ningeruka kwa furaha. Nikamwambia sitaki kuwa mlinzi wa vipande. Aniachie mashine mbili za dirishani. Nguo ianzie kwetu na iishie kwetu, na aliyeshona amvalishe mteja mwenyewe. Ikishindikana, nitarudia kola zangu bila maneno. Akafikiri sana, akakubali tujaribu mpaka Noeli. Kisha akauliza mashine ya pili ni ya nani.

Yaya, nilitaja jina lako kabla sijafikiri. Unisamehe, sikukuuliza. Huenda jambo hili likashindikana, nawe utakuwa umeacha mkate wako wa huko kwa ajili ya maneno yangu. Lipime vizuri. Mimi mwenyewe naogopa tangu siku ile.

Mama anakusalimu, anauliza kama huko unapata sombe, majani yako ya muhogo. Papa Ananie naye anakusalimu. Nilipomweleza habari yako alinishika mkono asiuachie. Nisalimie binamu Gracien, mwambie tunamshukuru kwa kukupa pa kulala.

Akina mama wamesogeza mbele jubilei yao, na Mama Katungu ameleta kitambaa kingine kwa fedha zao wenyewe. Précieux alitaka kulipa, wakakataa. Walisema wanachotaka ni mtu wa kumtazama usoni. Nimekitandaza mezani kwetu, sura juu, na kila asubuhi nashika mkasi nauweka tena. Kushona naweza. Kukata, unajua mwenyewe, sijawahi kuthubutu bila wewe kusimama kando yangu. Njoo ukikate.

Mungu akufungulie njia ya Kasindi pale mpakani, na malaika wake wakutangulie.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,
Séphora Kahongya