Kaka Yohana Baada ya Vita

Jumatatu, 6 Julai 1981. Igamba, Mbozi.
Kuchuma kahawa tangu umande. Vidole vinanata. Chuo na shahada yangu ya pili ya ushauri nasaha viko mbali. Hapa mimi ni binti wa nyumbani, niko likizo. Zamani Kaka Yohana ndiye aliyetuimbisha shamba zima. Sasa anachuma peke yake, kimya. Tangu arudi vitani Uganda hacheki. Namkumbuka yule wa zamani kama marehemu. Najichukia kwa kuandika hivyo.

Jumatano, 8 Julai.
Mama kanisihi nizungumze naye. Walimu wetu wanakataza kumshauri ndugu wa damu. Nimejaribu hata hivyo, kwa sauti ya darasani. Unalala vizuri? Unaota nini? Akaweka kikapu chini.
"Mimi si mgonjwa wako, mdogo wangu."
Akaondoka. Aibu.

Alhamisi, 9 Julai.
Lori limepasuka tairi barabarani. Yohana akamvuta mwanawe, akamwangusha, akamlalia. Mtoto analia, yeye hamwachii. Tulimbandua kwa nguvu. Wifi Anna anafunga mizigo arudi kwao Itumba. Baba mdogo anataka Yohana afungwe kamba, apelekwe kwa mganga kule Mbangala. Jumamosi. Naogopa.

Ijumaa, 10 Julai.
Nimemwomba baba mdogo asubiri. Kanitazama kama mtoto.
Nikaenda kuchuma karibu na Yohana. Sikuuliza kitu. Nilimkumbusha tu tulivyokuwa tukinyonya kahawa mbivu na kutemeana mbegu, marehemu baba akitufokea huku anaficha kicheko. Yohana akatabasamu. Kisha yakatoka yote. Rafiki yake Hamisi. Bomu.
"Nikamlalia nimkinge, Tusekile. Kumbe alishakufa."
Nililia naye. Nilipogeuka, Anna alikuwa nyuma ya mibuni. Amesikia.

Jumamosi, 11 Julai.
Baba mdogo amekuja na kamba na wanaume wawili. Anna akasimama mlangoni.
"Mume wangu hafungwi, baba."
Yohana akatoka mwenyewe. Akasema kwa upole atakwenda hospitali Mbeya, na mkewe, kwa hiari yake. Baba mdogo akaikunja kamba. Halafu akaomba chai. Sukari hakuna dukani; akainywa hivyo hivyo.

Jumatatu, 13 Julai.
Wameondoka na basi la asubuhi. Anna alimshika Yohana mkono mbele za watu. Sijui kama atapona. Yule kaka wa utotoni nadhani hatarudi, na bado namtamani.
Mimi na mama tumeanika kahawa. Jua kali, upepo baridi. Mtoto wao kalala mgongoni mwangu.